Neno la Mwisho Liwe la Mwenye Kompyuta

Ndugu zangu mnaotumia kompyuta, mnaoziuza, mnaozitengeneza, na ninyi mnaotia saini malipo yake maofisini, nisikilizeni. Tumeweka ndani ya mashine zetu programu za kuzuia virusi, na tumefanya vema kuziweka. Lakini tumeziweka kwa masharti tusiyoyasoma, tukazikalisha mahali ambapo hata sisi wenyewe hatufiki, na sasa zinatuamulia. Zinafuta mafaili. Zinafunga programu. Zinapeleka nje sampuli za kazi zetu. Zinajisasisha saa zinazotaka zenyewe, kwa bando tulilonunua sisi. Tunaambiwa baadaye, na mara nyingi hatuambiwi kabisa. Nami nasema, na nitasema tena kabla sijaweka kalamu chini: mwenye kompyuta ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kompyuta yake. Hiyo si hisani ya kuombwa. Ni haki, na aliyeichukua airudishe.

Nisieleweke vibaya. Virusi vipo. Sisi mafundi tunaviona kila mara: flashi iliyopita katika kompyuta za steshenari inarudi na folda zote zimefichwa, na mahali pake pamewekwa njia za mkato za uongo, mtu akibofya moja tu anaikaribisha balaa nyumbani. Nimeona picha za harusi zikifungwa kwa nywila ya mwizi anayedai fedha. Simshauri mtu yeyote aishi bila kinga. Ninachokikataa ni kinga inayomfanya mwenye mali kuwa mgeni katika mali yake.

Pimeni kwanza ukubwa wa tulichokitoa. Programu ya kuandikia barua huishi katika tabaka la juu la kompyuta. Ikianguka, huanguka peke yake. Antivairasi nyingi hushuka hadi kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kosa moja huiangusha mashine nzima. Kila faili unalolifungua, yenyewe hulikagua kwanza. Kila programu unayoianzisha husubiri ruhusa yake. Baadhi huweka ndani ya kompyuta hati zao za uthibitisho ili zifungue hata mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji kati yako na tovuti, ziyakague, kisha ziyafunge tena na kuyapitisha. Hakuna ndugu, hakuna katibu muhtasi, hakuna mume wala mke aliyepewa nafasi kama hiyo katika mambo ya mtu. Hiyo ni amana. Na amana ina masharti ambayo kwetu hata mtoto hufundishwa: hutaitumia kwa faida yako, hutamkabidhi mwingine bila ruhusa, na mwenyewe akisema nipe changu, utampa.

Mhasibu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa aliniletea kompyuta mpakato yake siku moja kabla ya mkutano wa wanachama. Kitabu chao cha hesabu, lahajedwali lenye makro alizozijenga mwenyewe kidogokidogo kwa miaka, kilikuwa kimetoweka. Antivairasi iliyokuwemo ilikuwa imeona makro, na kwa kuwa wadukuzi hupenda kujificha ndani ya makro, ikakiondoa. Hakuulizwa. Kijidirisha kilijitokeza pembeni mwa skrini, kikakaa kidogo, kikapotea. Tulipofungua karantini, mahali inapofungia inavyovishuku, tulikikuta kitabu, na kitufe cha kurejesha kilikuwepo. Tukakibofya, faili likarudi, na kabla hajalifungua likaondolewa tena. Tukatafuta pa kuizima ile antivairasi. Ilitupa machaguo: dakika chache, saa moja, au mpaka kompyuta itakapowashwa upya. Chaguo la kusema mpaka nitakapoamua mimi halikuwemo. Mama yule anaifahamu kazi yake kuliko mhandisi yeyote wa ng'ambo anavyoweza kuifahamu. Alijua faili lile limetoka wapi, nani kaliandika na kwa nini. Mashine ilikuwa yake, kazi ilikuwa yake, lawama ya wanachama ingekuwa yake. Ila uamuzi haukuwa wake.

Mtasema hilo ni jambo dogo la chama kidogo. Basi tutoke tukatazame dunia.

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilituma faili dogo la sasisho kwenda kwenye programu yake ya ulinzi iitwayo Falcon. Sehemu moja ya programu ilitarajia kusoma vipengele 21 vya taarifa. Vilivyoletwa vilikuwa 20. Ilipokwenda kukisoma cha 21 ilisoma mahali pasipo pake katika kumbukumbu ya mashine, na kwa kuwa ilikuwa imekaa kwenye kerneli, ilianguka na Windows nzima. Kampuni ililirekebisha kosa baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kulipokea faili zilikuwa zimelala. Microsoft ilikadiria kuwa ni milioni 8.5. Ndege zilibaki ardhini, hospitali ziliahirisha matibabu, benki zilishindwa kuhudumia watu. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata. Na mashine isiyowaka haiwezi kupokea dawa kwa mtandao. Mafundi walizunguka meza kwa meza, wakiwasha moja moja katika hali salama na kulifuta faili lile kwa mikono yao.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawakulisikia katika kelele za siku zile. Wateja wa Falcon walikuwa wamepewa mpangilio wa kuchagua toleo: jipya kabisa, au la nyuma yake, au la nyuma zaidi. Wasimamizi waangalifu walichagua kubaki nyuma, ili kama toleo jipya lina kasoro wengine waigundue kwanza. Walifanya yote anayopaswa kuyafanya mtu mwenye busara. Na wakaanguka saa ileile pamoja na wasiojali! Kwa nini? Kwa sababu mpangilio ule uliihusu programu yenyewe tu. Mafaili ya maudhui, yale yanayoifundisha programu nini cha kukitafuta, yalitumwa kwa wote kwa mpigo mmoja, bila kumwuliza aliyechagua kusubiri. Walidhani wameshika usukani, kumbe usukani ule haukuunganishwa na magurudumu. Siku chache baadaye kampuni ilipoeleza yaliyotokea, miongoni mwa marekebisho iliyoyaahidi lilikuwemo hili: wateja wapewe uwezo wa kuamua lini na wapi masasisho hayo yatawekwa. Kumbe uwezo huo uliwezekana. Uliwezekana Julai 18. Haukutolewa mpaka viwanja vya ndege viliposimama.

Wala msidhani ilikuwa ajali ya mara moja. Aprili 21, 2010, McAfee ilisambaza sasisho namba 5958, nalo likalishuku svchost.exe, faili halali ambalo bila hilo Windows XP haiwezi kuishi, kuwa ni virusi. Antivairasi ililiondoa. Kompyuta zikapoteza mtandao, zikaanza kujizima na kujiwasha bila kikomo. Huko Marekani ziliguswa hospitali, vyuo na vituo vya polisi. Huko Australia baadhi ya maduka ya Coles yalifunga milango kwa kuwa mashine za malipo zilikuwa zimekufa. Na wakati ule pia mafundi walitembea kutoka mashine moja hadi nyingine. Afisa mkuu wa teknolojia wa McAfee mwaka ule alikuwa George Kurtz, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa CrowdStrike na ndiye aliyekuwa akiiongoza mwaka 2024. Simtaji ili nimrushie jiwe. Namtaja kwa sababu miaka 14 ilipita, ujuzi uliongezeka, fedha ziliongezeka, na utaratibu ulibaki uleule: sisi tunajua, ninyi pokeeni. Kasoro haiko katika akili za wahandisi. Mhandisi hodari kuliko wote atakosea siku moja, na siku hiyo kitakachookoa ni kwamba mwenye mashine aliweza kusema ngoja. Wamemnyang'anya neno hilo, ngoja, kisha wanashangaa maafa yanapofika kwa wote kwa pamoja.

Nilisema amana haitumiwi kwa faida ya aliyeishika. Mwezi Januari 2020 waandishi wa Motherboard na PCMag walifichua kwamba Avast, moja ya antivairasi zilizokuwa zikitumiwa bure na watu wengi zaidi duniani, ilikuwa ikikusanya taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea, na kampuni yake tanzu, Jumpshot, ikiziuza. Jumpshot ilifungwa ndani ya siku chache. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Fikirini uzito wa jambo hilo! Mtu ameogopa kufuatiliwa, akatafuta kinga, na kinga ileile aliyoiweka ndiyo iliyomfuata ukurasa kwa ukurasa: ugonjwa alioutafutia tiba usiku, deni alilolitafutia ushauri, dini aliyoisoma kwa siri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kuhusu kumkabidhi mwingine bila ruhusa, tazameni yaliyotokea Septemba 2024. Serikali ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku Kaspersky, antivairasi kutoka Urusi, kuuzwa nchini humo na kupokea masasisho. Siasa za mataifa hayo mawili ziacheni zilivyo. Watumiaji wa Kaspersky huko Marekani walifungua kompyuta zao wakakuta Kaspersky imejiondoa yenyewe, na mahali pake imekaa programu nyingine iitwayo UltraAV, ambayo wengi hawajawahi hata kuisikia. Hawakubofya popote kusema ndiyo. Baadhi walisema waliiondoa, na walipowasha kompyuta upya wakaikuta imerudi. Ikiwa programu inaweza kumleta nyingine, ikaikalisha kwenye kiini cha mashine yangu nikiwa nimelala, basi nauliza, nani mwenye mashine?

Sasa nije kwetu, maana ipo dhuluma moja ambayo watu wa California hawaioni, nasi tunaila kila siku. Nazungumza na vijana wanaoandika programu Mwanza, Nairobi, Kigali, Kampala. Antivairasi za leo hazitegemei tu orodha ya virusi vinavyojulikana. Hupima pia umaarufu. Faili lililopakuliwa na watu wengi duniani huhesabiwa kuwa jema. Faili wanalolitumia watu wachache huhesabiwa kuwa la kushukiwa. Norton ya Symantec ilikuwa na jina kamili kwa shutuma hiyo, WS.Reputation.1, na maana yake ilikuwa kwamba faili hili halina sifa ya kutosha; likatupwa karantini bila ushahidi wa kosa lolote. Hoja yao naielewa, kwa kuwa virusi vipya huwa na watumiaji wachache. Lakini programu mpya ya Kiswahili nayo ina watumiaji wachache! Programu ya kuuzia dawa iliyoandikwa kwa ajili ya maduka machache ya Kariakoo, programu ya matokeo ya shule tatu za kata, programu ya ushirika wa wakulima wa kahawa huko Kagera, zote huzaliwa zikiwa na hatia. Hazitapata umaarufu kwa sababu zinazuiwa, na zinazuiwa kwa sababu hazina umaarufu. Kijana anaambiwa anunue cheti cha kutia saini programu yake, kinacholipiwa kwa dola na kuhuishwa kila kinapokwisha. Anaambiwa ajaze fomu kwa kila kampuni ya antivairasi, aeleze kwa Kiingereza kwamba si mwizi, asubiri. Toleo lake jipya likitoka, anaanza upya.

Na si sisi peke yetu. Nir Sofer, mtunzi wa programu ndogondogo za NirSoft zinazotumiwa na mafundi wa dunia nzima, alilalamika hadharani tangu mwaka 2009 kwamba kampuni za antivairasi huwatesa watunzi wadogo kwa shutuma zisizo za kweli. Ikiwa mtu mwenye jina kama lake aliumia, itakuwaje kwa kijana wa Bukoba ambaye hakuna aliyemsikia?

Ndiyo maana neno la mwisho lazima liwe la mwenye mashine. Mwenye duka la dawa anamjua kijana aliyemtengenezea programu. Anajua anaishi wapi, anajua ataitengeneza ikiharibika. Maarifa hayo hayamo katika seva yoyote ya kampuni. Mwenye duka akisema huyu namjua, mwacheni, neno hilo lishike, leo na kesho na baada ya sasisho la mwezi ujao.

Nasikia wanaonijibu. Wanasema watu wakiachiwa watajiumiza. Watazima ulinzi ili wafungue mchezo wa wizi, kisha watalia. Wanakumbusha Mei 12, 2017, virusi viitwavyo WannaCry vilipoingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha ufa viliopitia tangu mwezi Machi. Watu wangekuwa wamelazimishwa kukiweka, wasingeumia. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa ni ya kweli kwa nusu yake. Watu huahirisha. Watu huzembea. Na pia ni kweli kwamba virusi vyenyewe hujaribu kuizima antivairasi kwanza, kwa hiyo ni haki kuweka kufuli dhidi ya programu inayotaka kuizima kinyemela. Windows ina kufuli la namna hiyo, na sina ugomvi nalo, maana binadamu aliyeketi mbele ya skrini, mwenye haki za msimamizi, bado anaweza kulifungua kwa mkono wake. Hapo ndipo penye mstari. Kufuli dhidi ya mwizi ni ulinzi. Kufuli dhidi ya mwenye nyumba ni unyang'anyi, hata likiitwa kwa jina tamu kiasi gani. Na hata katika Windows hiyohiyo, ulinzi wa muda wote ukizimwa na mwenye mashine hujirudisha wenyewe baada ya kitambo, na mwaka 2020 Microsoft iliufanya mpangilio wa zamani wa kuuzima kabisa usifanye kazi tena. Sababu walizitoa. Lakini kila mara njia inayozibwa ni ile iliyomwachia mwenye mashine uamuzi, na mimi nasema kwa sauti kwamba kuna njia nyingine: mwonye mtu kwa maneno makali, mwombe nywila, mwombe athibitishe mara mbili, weka alama nyekundu isiyofutika mpaka atakaporudisha ulinzi. Kisha mtii.

Wala kuuliza tu hakutoshi, ikiwa swali lenyewe halina nuru. Novemba 2008 sasisho la antivairasi ya AVG lililishuku user32.dll, faili la lazima la Windows XP, kuwa ni virusi vya wizi. Watu waliokubali lifutwe walijikuta na kompyuta isiyowaka. Waliulizwa, lakini hawakuambiwa kwamba lile ni faili la Windows yenyewe. Mtu anayetishwa kwa rangi nyekundu na alama ya mshangao, na kupewa jina la kirusi lisilomwambia kitu, hajapewa uamuzi. Amepewa hofu na kitufe. Swali la haki lina maneno haya: faili hili lipo hapa, limetoka huku, lina tarehe hii, nimelishuku kwa sababu hii, nina hakika kiasi hiki, ukilifuta itatokea hivi, ukiliacha itatokea vile. Na liwe kwa Kiswahili! Mhasibu wangu anasoma Kiingereza cha benki, lakini siku ya hofu mtu hufikiri kwa lugha ya mama yake.

Wanaodai kwamba haiwezekani, waitazame ClamAV. Ni programu huria, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inatumika kwa miaka mingi katika seva za barua pepe. Ukiiagiza ikague folda, itakagua na kukuambia ilichokikuta. Basi. Haifuti wala haihamishi kitu mpaka uiagize kwa amri ya wazi. Sisemi inatosha kwa kila mtu. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows ina upungufu wake. Nasema imethibitisha kwamba kugundua ni kazi moja na kuhukumu ni kazi nyingine, na ya pili inaweza kubaki mikononi mwa mwenyewe.

Basi enyi mnaotengeneza programu hizi, popote mlipo, Prague au Texas au Tokyo, wekeni kitufe cha kuzima kinachozima. Wekeni orodha ya visivyoguswa inayoheshimiwa, isiyofutwa na kila sasisho. Msifute kamwe bila kuhifadhi nakala, na nakala hiyo ikae mpaka mwenyewe aseme itoke. Mnaponyakua sampuli ya faili langu na kuipeleka kwenye seva zenu, nionyesheni kwanza ni faili gani, maana laweza kuwa cheti cha ugonjwa wa mgonjwa wangu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamtambua mtu kuwa na haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje. Msitudhanie kuwa nchi zisizo na sheria. Masasisho yenu yaleteni kwa awamu, na mtuachie tuchague saa, kwa sababu mtu anayenunua bando la siku moja ili atume maombi ya kazi hana megabaiti za kuwagawia. Na usajili ukikaribia kwisha, ombeni idhini kabla ya kukata fedha.

Nanyi wenzangu watumiaji, msikae mkingoja wema wao. Leo, kabla hamjalala, fungueni mipangilio ya antivairasi yenu. Wengi wenu hamjaifungua tangu siku ilipowekwa. Itafuteni karantini mwone nini kimefungwa humo. Wengine mtakuta kazi mliyodhani mliipoteza kwa bahati mbaya. Tafuteni mahali palipoandikwa kutuma sampuli, mkazime kama hamkuridhia. Ingizeni folda za kazi zenu mnazozijua katika orodha ya visivyoguswa, hizo tu, msiingize diski nzima wala folda ya vinavyopakuliwa. Wekeni nakala za akiba katika diski ya nje inayokaa ikiwa imechomolewa, ambako hakuna antivairasi wala mdukuzi atakayeifikia. Msiweke antivairasi mbili pamoja zigombane. Na faili likishukiwa msilitetee kwa mapenzi. Lipelekeni VirusTotal, ambako hukaguliwa na injini nyingi kwa wakati mmoja, mradi tu si faili lenye siri za watu, kwa maana linalopelekwa huko huweza kuonwa na wengine. Ikiwa moja peke yake ndiyo inalishuku na nyingine zote ziko kimya, mna sababu ya kuuliza. Ikiwa nyingi zinalishuku, tiini, lifuteni, msibishe. Neno la mwisho ni mzigo pia, na anayelidai lazima awe tayari kuubeba kwa akili.

Mafundi wenzangu, nina deni la ukweli kwenu. Mteja anapoleta mashine, mnaweka antivairasi mliyonayo kwenye flashi, mara nyingine iliyovunjwa leseni, mnamwambia usiguse kitu humo. Acheni. Mwonyesheni karantini iko wapi. Mwonyesheni kuzima na kuwasha. Antivairasi iliyovunjwa leseni msimwekee mtu kamwe. Mwekeeni Defender iliyokuja na Windows yake, isiyomdai chochote, mkamfundishe kuitumia.

Na ninyi maafisa ununuzi wa shule, hospitali, halmashauri na vyama vya ushirika, ninyi mna nguvu kuliko sisi wote, kwa kuwa mnanunua leseni mia kwa mpigo na kampuni huwasikiliza. Yaandikeni haya ndani ya zabuni, yawe sharti la mkataba. Msimamizi wetu anaweza kuzuia kila aina ya sasisho, yakiwemo mafaili ya maudhui, kwa saa tutakazozitaja sisi? Tunaweza kuanza na kompyuta tano kabla ya mia? Kinachoondolewa kinahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Kinachotoka nje ya ofisi yetu ni nini hasa, na kinakwenda nchi gani? Programu tuliyoandikiwa na kijana wetu tukiiruhusu, ruhusa hiyo itadumu? Tukiamua kuiondoa antivairasi yenu, itaondoka yote, na hakuna nyingine itakayoachwa nyuma? Mwulizeni muuzaji ajibu kwa maandishi, mbele ya fundi wenu, kisha mwambieni aonyeshe kila jibu kwenye skrini ya kompyuta yenu wenyewe. Akisema hayo ni mambo ya ndani ya kampuni, mrudishieni karatasi zake bila saini na mwite anayefuata.